Omba Karatasi, Usiulize Swali: Jinsi ya Kupata Hati za Serikali Nchini Kenya

Barua nyingi za kuomba habari serikalini hufia masjala kwa sababu moja: zimeuliza swali badala ya kutaja hati. "Pesa za kisima chetu zilienda wapi?" ni swali la haki kabisa, lakini hakuna faili yenye jina hilo. Afisa akilipokea atakujibu kwa aya mbili za maelezo matamu, au hatajibu kamwe. Ukimwomba "mkataba wa uchimbaji wa kisima, BQ yake na vocha zote za malipo za mwaka wa fedha 2023/2024", unamwachia kazi ya kufungua kabati. (BQ ni orodha ya kazi, vipimo na bei zake.)

Haki yenyewe iko katika Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010. Utaratibu uko katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Nambari 31 ya 2016, iliyoanza kutumika tarehe 21 Septemba 2016. Inazibana wizara, serikali za kaunti, mashirika ya serikali, shule za umma na hazina kama NG-CDF, ile ya maendeleo ya maeneobunge. Inazigusa pia kampuni binafsi zinazotumia pesa za umma, zinazotoa huduma za umma au zilizopewa haki ya pekee ya kuvuna maliasili.

Anayeruhusiwa kuomba ni raia wa Kenya. Zamani kampuni zilikuwa zikifukuzwa mahakamani kwa hoja kwamba kampuni si raia. Sheria ya 2016 ikalitatua kwa kusema kuwa taasisi binafsi inayodhibitiwa na Wakenya nayo inahesabika kuwa raia. Mtu binafsi aandike nambari ya kitambulisho, na kampuni iambatishe CR12 inayoonyesha wenye hisa.

Hatua ya 1: Hakikisha hati haijatolewa tayari, au haina mlango wake

Kabla hujaandika barua, tenga saa moja ya kutafuta mtandaoni. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ziko kwenye tovuti yake, kaunti kwa kaunti na mwaka kwa mwaka. Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti za matumizi ya kaunti kila robo ya mwaka. Zabuni na mikataba iliyotolewa huwekwa kwenye tovuti ya tenders.go.ke, ingawa si taasisi zote zinazoijaza inavyotakiwa. Gazeti Rasmi na sheria zote ziko kwenye tovuti ya Kenya Law. Ripoti ya ukaguzi ina faida nyingine: mara nyingi inataja nambari ya mkataba na kiasi kilicholipwa, na hizo ndizo utakazozinukuu katika barua yako.

Kuna rekodi ambazo zina mlango wake na ada yake. Upekuzi wa shamba hufanywa kwenye masjala ya ardhi au mtandao wake wa Ardhisasa, wenye kampuni hutafutwa kupitia eCitizen, na vyeti vya kuzaliwa vina ofisi yake. Ukiomba hizo kwa sheria hii utaelekezwa huko, na utakuwa umepoteza wiki tatu.

Hatua ya 2: Ipe hati jina lake

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kila mradi wa serikali huacha nyuma mlolongo wa karatasi, na ukiujua hutababaishwa. Chukua kisima cha kaunti. Kwanza kuna mpango wa ununuzi wa mwaka, kisha tangazo la zabuni, ripoti ya kamati ya kutathmini zabuni, barua ya kumjulisha mshindi na mkataba wenyewe pamoja na BQ. Kazi ikianza kuna ripoti ya uchunguzi wa maji chini ya ardhi, vyeti vya kazi iliyofanyika, ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji, vocha za malipo, na mwisho cheti cha kukamilika.

Huhitaji zote. Ukitaka kujua kama umma umepata thamani ya pesa zake, tatu zinatosha: BQ, ripoti ya ukaguzi na upokeaji, na vocha za malipo. BQ inasema kilichoahidiwa, ripoti inasema kilichoonekana, vocha inasema kilicholipwa. Tuseme BQ ina mita 180 za kuchimba, kamati ikapima 120, na vocha ikalipia mita zote 180. Hapo huhitaji maelezo ya mtu.

Kwa basari, omba orodha ya waliofaidika pamoja na kumbukumbu za kikao kilichoipitisha. Orodha inaonyesha nani alipata, kumbukumbu zinaonyesha vigezo vilivyotumika. Kwa dawa za zahanati, omba kadi za stoo za dawa mahususi (taja kama tatu, usiombe zote) na hati za kupokelea mizigo.

Mambo matatu huwaangusha watu katika hatua hii:

- Mwaka. Serikali huhesabu kuanzia Julai 1 hadi Juni 30. Ukiandika "mwaka 2023" umeshika vipande vya miaka miwili ya fedha, na afisa atachagua kimoja. Andika "mwaka wa fedha 2023/2024", au tarehe kamili hadi tarehe kamili.
- Neno "zote". "Hati zote kuhusu barabara" ni mwaliko wa kuongezewa siku au kuambiwa ombi halieleweki. Sheria inadai maelezo yatakayomwezesha afisa kuelewa unachotaka.
- Kuchanganya ofisi mbili katika barua moja. Andika barua mbili.

Hatua ya 3: Tafuta ofisi yenye faili

Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya kaunti. Hospitali za rufaa za kitaifa ziko chini ya serikali ya kitaifa. Barabara ndizo huwachanganya wengi: barabara kuu za kitaifa ni za mamlaka ya KeNHA, za mijini zilizo chini ya serikali kuu ni za KURA, za mashambani ni KeRRA, na zilizobaki ni za kaunti. Bango la mradi kando ya barabara husema ni ya nani. Lipige picha kabla halijang'olewa.

Kisheria, afisa mkuu mtendaji wa taasisi ndiye afisa wa upatikanaji wa habari, hata kama amemkabidhi mtu mwingine kazi hiyo. Basi usihangaike kutafuta jina. Kwa wizara, mwandikie Katibu wa idara husika. Kwa kaunti, mwandikie Katibu wa Kaunti na unakili kwa afisa mkuu wa idara. Kwa shule ya umma ni mwalimu mkuu, ambaye pia ni katibu wa bodi ya shule. Kwa NG-CDF ni meneja wa hazina katika eneobunge.

Ukikosea ofisi hujapoteza kila kitu. Taasisi iliyopokea ina siku 5 za kulihamishia ombi kwenye ofisi yenye hati, na ni lazima ikujulishe kwa maandishi ndani ya siku 7. Ofisi mpya haianzi kuhesabu upya: siku zake 21 za kujibu zinaanzia siku ulipowasilisha ombi mara ya kwanza.

Hatua ya 4: Andika barua

Ukurasa mmoja unatosha. Sheria inakubali Kiingereza au Kiswahili. Taasisi nyingine zina fomu zao, na ukiipata ijaze kwa sababu huharakisha mambo, lakini haziruhusiwi kulikataa ombi eti tu kwa kuwa hukutumia fomu. Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaweza kutoa ombi kwa mdomo. Afisa ndiye atakayeliandika, kisha ampe nakala.

Mfano:

> Jina, nambari ya kitambulisho, anwani, simu, barua pepe
> Tarehe
>
> Kwa: Afisa wa Upatikanaji wa Habari
> Kupitia: Katibu wa Kaunti, Serikali ya Kaunti ya ______
>
> KUH: MAOMBI YA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI, 2016
>
> Mimi ni raia wa Kenya. Naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu mradi wa kisima cha ______, Wadi ya ______, mkataba nambari ______, mwaka wa fedha 2023/2024:
>
> 1. Mkataba uliotiwa sahihi, pamoja na BQ.
> 2. Ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji.
> 3. Vocha zote za malipo kwa mwanakandarasi.
>
> Napendelea nakala za kielektroniki kwa barua pepe. Kama hazipo, niko tayari kuzikagua ofisini. Ikiwa gharama ya kunakili itazidi Sh500, nijulishe kabla ya kunakili. Nambari za simu, za vitambulisho na za akaunti za benki zinaweza kufichwa.
>
> Endapo sehemu ya ombi itakataliwa, naomba nipewe sehemu iliyobaki, pamoja na sababu za kukataa kwa maandishi.
>
> Sahihi

Angalia kisichokuwemo: sababu. Kifungu cha 4 cha Sheria kinasema haki yako haiathiriwi na sababu unayotoa, wala na dhana ya afisa kuhusu nia yako. Ukianza kueleza kwamba unashuku wizi, umempa afisa sababu ya kupeleka barua kwa wakili. Hali moja ni tofauti: unapoomba kwa kampuni au mtu binafsi. Hapo Katiba inataka uonyeshe haki ambayo hati hiyo itakusaidia kuitumia au kuilinda, kwa hivyo itaje.

Sentensi ya kuficha nambari za simu na vitambulisho ina kazi yake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ianze, "data za watu" limekuwa jibu la haraka la kukatalia. Ukijitolea mwenyewe zifichwe, umeifunga njia hiyo mapema.

Suala la uhai au uhuru wa mtu lina saa 48 tu, si siku 21. Ndugu akikamatwa na kituo kikakataa kusema yuko wapi, omba kwa maandishi nakala ya maandishi yake kwenye OB (kitabu cha matukio cha polisi), na uandike juu kabisa kwa herufi kubwa: UHURU WA MTU, SAA 48. Hapa pia eleza sababu, kwa mstari mmoja.

Hatua ya 5: Wasilisha, na urudi na mhuri

Chapisha nakala mbili. Zipeleke masjala, si kwa afisa unayemfahamu. Moja wanabaki nayo, ya pili wanaigonga mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Tazama mhuri kabla hujaondoka kaunta: mihuri mingi ya tarehe huachwa kwenye tarehe ya jana, na mingine wino umekauka hata mwezi hausomeki. Ikiwa hivyo, mwombe karani aandike tarehe kwa kalamu kando ya mhuri na aweke sahihi. Karatasi hiyo ndiyo saa yako. Bila hiyo siku 21 hazina mwanzo.

Ukituma kwa barua pepe, tumia anwani rasmi iliyo kwenye tovuti ya taasisi, weka neno "Maombi ya habari" kwenye kichwa cha ujumbe, na ujinakilie mwenyewe. Ukituma kwa Posta, tumia rejesta na utunze risiti. WhatsApp ya afisa haitoshi.

Kuwasilisha ombi ni bure. Mtu akidai "ya kufungulia faili", mwombe risiti rasmi; kwa kawaida mazungumzo huishia hapo.

Hatua ya 6: Hesabu siku

Siku ya kupokelewa haihesabiwi. Jumamosi na Jumapili za katikati zinahesabiwa, kwa kuwa Sheria inasema siku 21 bila kutaja za kazi. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Zile siku 5 za kuhamisha ombi ni tofauti: muda usiozidi siku 6 huruka siku zisizo za kazi.

Barua iliyogongwa mhuri Jumatatu, Machi 2, 2026, siku yake ya kwanza ni Machi 3 na ya 21 ni Jumatatu, Machi 23. Taasisi inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, tena kwa sababu mbili tu: hati ni nyingi kiasi cha kuvuruga kazi zake, au inahitaji kushauriana na wengine. Siku hizo 14 zinaishia Aprili 6, ambayo ni Jumatatu ya Pasaka, kwa hivyo mwisho halisi ni Aprili 7. Andika tarehe zote mbili kwenye kalenda siku ile ile unapotoka masjala.

Kimya si "bado tunashughulikia". Muda ukipita bila jibu, Sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na muda wako wa kulalamika unaanza kwenda. Watu wengi hupoteza haki hapa kwa kuendelea kupiga simu za heshima kwa miezi mitatu. Piga simu moja siku ya 14, kuuliza kama ombi limeshika mkondo. Baada ya hapo acha karatasi ziseme.

Hatua ya 7: Lisome jibu kwa makini

*Umekubaliwa.* Barua inapaswa kutaja ada, njia ya kulipa na jinsi utakavyopata hati. Ada haiwezi kuzidi gharama halisi ya kunakili na kukufikishia. Ukilipa, hati zitoke ndani ya siku 2 za kazi. Kama ada inakushangaza, una njia mbili: kukagua hati pale zinapotunzwa na kunakili kurasa unazohitaji tu, au kulalamikia kiasi chenyewe mbele ya Tume ya Haki ya Utawala (Hatua ya 8).

*Umekubaliwa nusu.* Linganisha na orodha yako, nambari kwa nambari. Mkataba usio na BQ ndiyo hila ya kawaida: kurasa 12 za masharti, na zile zenye bei hazipo. Andika siku hiyo hiyo ukisema kilichokosekana.

*"Hati ni siri."* Kifungu cha 6 kina orodha ya sababu za kukataa: usalama wa taifa, usalama wa mtu, faragha, maslahi ya kibiashara, usimamizi wa uchumi, siri za kitaaluma na kadhalika. Afisa lazima ataje ni ipi na kwa nini. Neno "siri" peke yake si jibu. Kipengele cha usiri ndani ya mkataba nacho si ngao. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba ya reli ya SGR mwaka 2019, serikali ikajitetea kwa usiri, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru Mei 2022 itolewe. Kwa kandarasi za kawaida huhitaji kwenda mbali: Kifungu cha 5 cha Sheria kinaitaka taasisi yenyewe itangaze kazi, bei, jina la mwanakandarasi na muda mara tu mkataba unapotiwa sahihi. Mahali utakapopata upinzani wa haki ni mchanganuo wa bei za walioshindwa zabuni. Huo usiupiganie kama huna kazi nao.

*"Kesi iko mahakamani."* Kinacholindwa ni msimamo wa taasisi katika kesi, mathalani ushauri wa wakili wake. Vocha iliyolipwa mwaka mmoja kabla ya kesi haigeuki kuwa siri kwa sababu mtu amefungua kesi.

*"Faili haionekani."* Hili ndilo gumu kuliko yote. Usibishane, omba liandikwe: kwamba hati ilitafutwa, wapi, na kwamba taasisi inayo au haina. Kisha kumbuka kwamba karatasi ya serikali haikai peke yake. Vocha iko pia uhasibu, mkataba uko kwa mwanasheria wa kaunti, nakala za hati zilizokaguliwa ziko kwa wakaguzi wa hesabu, na bunge la kaunti huwa limepelekewa ripoti. Peleka ombi jipya kwenye mojawapo ya milango hiyo. Mara nyingi faili iliyopotea huonekana wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Tume ya Haki ya Utawala

Hii ndiyo CAJ, ambayo wengi wanaiita Ofisi ya Ombudsman. Makao yake ni West End Towers, Waiyaki Way, Nairobi. Ina matawi kaunti kadhaa na meza kwenye baadhi ya vituo vya Huduma. Ombi la kupitia upya uamuzi lipelekwe ndani ya siku 30 tangu ulipojulishwa. Tume inaweza kuongeza muda, lakini usiutegemee. Ikiwa hukujibiwa, hesabu 30 kuanzia siku ya 21: kwa mfano wetu wa Machi 23, mwisho ni Aprili 22.

Peleka vitu vinne: nakala yenye mhuri, jibu kama lipo, ushahidi wa ufuatiliaji wako, na ukurasa mmoja wenye tarehe zikifuatana. Usiandike insha. Ofisa wa Tume akiona tarehe ya mhuri na tarehe ya leo, kesi imejieleza. Hapa pia ndipo pa kukumbusha kwamba afisa anayekataa kupokea ombi au asiyejibu kwa wakati anatenda kosa lenye faini isiyozidi Sh50,000 au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Usiliweke katika barua ya kwanza. Barua inayoanza kwa vitisho hujibiwa na idara ya sheria, na idara ya sheria haina haraka.

Tume huanza kwa kuiandikia taasisi, na idadi kubwa ya hati hutoka kwenye hatua hiyo. Ikishindikana, ina mamlaka ya kuita watu, kuamuru hati zitolewe na kupendekeza fidia.

Hatua ya 9: Mahakama Kuu

Asiyeridhika na amri ya Tume, awe wewe au taasisi, ana siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Ukishinda mbele ya Tume na taasisi ikakaidi, amri hiyo inaweza kusajiliwa Mahakama Kuu na kutekelezwa kama hukumu yoyote. Kuruka Tume na kwenda moja kwa moja mahakamani hakupendekezwi: swali la kwanza la wakili wa upande wa pili litakuwa kwa nini hukupitia huko.

Hati zikifika

Hesabu kurasa mbele ya aliyekupa. Tafuta maneno "tazama kiambatisho" ndani ya hati, na uhakikishe kila kiambatisho kinachotajwa kipo. Angalia kama nambari ya mkataba ni ile ile kwenye BQ, ripoti na vocha. Kaunti hubandika mikataba miwili kwenye faili moja mara nyingi kuliko unavyodhani. Vocha ikiwa haina nambari wala mhuri wa "imelipwa", bado ni ombi la malipo tu, na usiseme hadharani kwamba pesa zimetoka. Kisha skani kila kitu na uweke nakala kwa mtu mwingine, kabla hujaenda kumuuliza mwanakandarasi chochote.